Vibao vya Njiani: Kutoka Masasi Mpaka Newala

Mwezi wa Agosti mwaka 2024 nalifunga safari kutoka Masasi kwenda Newala. Sikuitwa na mgonjwa, wala hapakuwa na mazishi, wala mkutano wa makatekista. Nalikwenda kuitazama njia yenyewe, na vibao vilivyosimama kando yake. Mke wangu alipopata habari akacheka sana. Akasema, "Baba, watu huenda Newala kuwaona ndugu zao, nawe waenda kuziona nguzo!" Nikamwambia, "Ndivyo, naenda kuziona nguzo." Basi akanifungia mihogo ya kuchemsha na karanga, akaniwekea daftari langu na kalamu mbili, maana azijua desturi zangu.

Tabia hii ninayo tangu utoto. Mwalimu wetu wa darasa la tatu katika shule ya misheni alituagiza kila mtoto achore njia ya kutoka kwao hata shuleni, aonyeshe miti mikubwa, vijito, makaburi na nyumba za watu. Wenzangu waliichora siku moja wakaisahau. Mimi sikuacha. Hata leo nikipita mahali pageni huandika: hapa pana kibao cha shule, hapa pana jiwe la kilomita, hapa njia yagawanyika na hapana alama. Kazi ya ukatekista imenizidishia, kwa kuwa nina makanisa madogo mengi ya kuyazungukia, na mtu aendaye peke yake kwa pikipiki lazima awe na kitu cha kutazama.

Mwenzangu safarini alikuwa mjomba wangu, mzee aliyepita miaka 70, ambaye ujana wake wote aliutumia katika kazi ya barabara: kufukia mashimo, kuzibua mifereji, kufyeka majani, kusimamisha nguzo. Kwetu mjomba ni mtu mkubwa, na neno lake halipingwi upesi. Nalipomwuliza kama atapenda tufuatane, akajibu, "Mpwa wangu, njia ile nimeilima kwa jembe. Nitakataaje kwenda kuiona?" Basi nikampakia nyuma ya pikipiki, naye akavaa kofia ngumu juu ya kofia yake ya sufi, tukaondoka saa kumi na mbili za asubuhi.

Aijuaye Masasi aijua milima yake ya mawe matupu, iliyosimama kila mmoja peke yake katika nchi tambarare. Chini ya mmoja wao, Mtandi, ndipo lilipo kanisa kuu la Dayosisi ya Masasi, iliyoanzishwa mwaka 1926. Mji wenyewe ni njia panda. Njia ya mashariki yaenda Ndanda, kwenye abasia na hospitali ya Wabenediktini, hata Mingoyo, ambako yagawanyika, mkono mmoja Lindi na mkono mmoja Mtwara. Ya kaskazini yaenda Nachingwea. Ya magharibi yaenda Mangaka na Tunduru hata Songea. Na kutoka Mangaka tawi moja lashuka Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma, lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa mwaka 2010 na marais wa Tanzania na Msumbiji. Ya nne, ielekeayo kusini-mashariki, ndiyo yetu.

Mjomba alinionyesha kwamba barabara nazo zina majina ya kiserikali. Iliyo kuu huandikwa herufi T na nambari yake, ya mkoa huandikwa R. Hizo zatunzwa na wakala wa taifa aliyewekwa mwaka 2000, na njia za wilaya na za mitaa ya miji zatunzwa na wakala mwingine, aliyewekwa mwaka 2017. "Zamani," akasema, "sisi tulikuwa na mtu mmoja tu, bwana mkubwa wa ujenzi. Shimo likiwa la barabara kuu au la njia ya mbuzi, twalilifukia."

Nalisimama kitambo mbele ya kibao kikubwa cha mji, nikawakumbuka waliofika hapa bila kibao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kulifasiri Agano Jipya, aliondoka Unguja pamoja na watu zaidi ya 50 waliokuwa watumwa na kufunguliwa. Wakashuka Lindi, wakaja bara kwa miguu. Nia yake ilikuwa kuelekea Ziwa Nyasa. Lakini walipofika Masasi na kuiona nchi, watu wale walisema hapa ndipo panatutosha. Wengine waliona kama wamekwisha kufika kwao. Basi wakajenga. Tazameni jambo hili, ndugu zangu. Nchi hii misafara ilikuwa ikipita na watu katika minyororo kuwapeleka Kilwa na Lindi. Waliotekwa wangali watoto wadogo hawakuijua njia waliyopitishwa, wala hapakuwa na mtu wa kuwaambia, huu ni mto fulani, kijiji chenu kiko nyuma ya mlima ule. Katika kitabu cha Yeremia watu waliochukuliwa uhamishoni waagizwa wajiwekee alama za njia ili waijue watakaporudi. Wazee wetu hawakupewa nafasi ya kuweka alama.

Mjomba akaniambia, "Mwalimu, jua lapanda." Tukaenda.

Mwezi wa Agosti mikorosho huwa katika maua, na harufu ya salfa yajaa kila mahali, kwa kuwa watu hupuliza dawa mikorosho isiharibiwe na ugonjwa wa ukungu. Twaliwapita vijana waliobeba mashine mgongoni, nyuso zao nyeupe kwa unga, kama watu waliotoka kinu cha nafaka. Vibao vya kwanza tulivyoviandika vilikuwa vya shule, vya zahanati, vya ghala la chama cha ushirika, na vya makanisa na misikiti, vingine vimeandikwa kwa mkono wa fundi na vingine kwa mkono wa mtu asiye fundi. Kimoja kilikuwa na jina la kanisa katika mstari wa kwanza, na katika mstari wa pili, kwa rangi ile ile, tangazo la fundi cherehani. Mjomba akasema fundi huyo amepata mahali pazuri, maana kila Jumapili watu hukumbuka nguo zao.

Katika kijiji kimoja tulisimama penye kibao cha mviringo chenye ukingo mwekundu na nambari 50. Watoto wakatuzunguka. Nikawauliza, "Hii maana yake nini?" Msichana mmoja wa miaka kama minane akajibu upesi, "Ni wimbo wa hamsini." Mjomba akacheka hata akakaa chini. Lakini mtoto alikuwa na haki. Kanisani kwao amezoea kuona nambari zimetundikwa ukutani, na zikitundikwa watu hufungua kitabu. Mbona kibao cha njiani kiwe na maana nyingine?

Mjomba akapiga magoti, akawachorea mchangani. Kibao cha pembe tatu chenye ukingo mwekundu chaonya: mbele kuna kona, au mteremko, au watoto wavukao. Cha mviringo chenye ukingo mwekundu chakataza, na hiki cha 50 chamkataza dereva asipite mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kwa kuwa ameingia penye nyumba za watu. Cha mviringo wa buluu chaamuru. Cha pembe nne chaeleza tu, au chaelekeza. "Na kwa nini picha, si maneno?" akauliza mvulana mmoja. Hapo mjomba akanitazama mimi. Nikawaambia kwamba motakaa hupita nchi nyingi, na dereva wa Msumbiji hajui Kiswahili chetu, wala sisi hatujui Kireno. Lakini mteremko ni mteremko kwa kila lugha. Mwaka 1968 wajumbe wa mataifa walikutana Vienna katika nchi ya Austria, wakapatana juu ya alama za barabarani, ili msafiri asipotee wala asife kwa kutojua kusoma lugha ya wenyeji.

Baada ya Nagaga njia ilibadilika. Barabara ya kutoka Mtwara kwa njia ya Tandahimba na Newala hata Masasi ina urefu wa kilomita 210, na kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Sehemu ya kwanza, kilomita 50 kutoka Mtwara hata Mnivata, ilitiwa lami mbele. Zile 160 zilizobaki zilikuwa katika kazi siku zile tulizopita, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na daraja jipya la mto Mwiti limo katika kazi hiyo. Basi tulikuta vigingi vya mti vilivyopakwa rangi, vimechomekwa kando ya njia, na juu yake nambari zenye alama ya kujumlisha katikati. Nalidhani ni hesabu. Mjomba akanifundisha kwamba nambari iliyotangulia alama ni kilomita, na iliyofuata ni mita. Kwa hiyo kigingi kimwambia fundi mahali aliposimama asipate kukosea hata kwa hatua moja. Nikaziandika zote katika daftari, na kurasa nne zikajaa.

Alama nyingine haikuhitaji mwalimu. Ni herufi X ya rangi nyekundu, iliyopakwa katika kuta za nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya barabara. Mama mmoja mzee, mjane, alitukaribisha maji. Ukuta wake ulikuwa na X, na nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, kaburi la mumewe lilikuwa na kigingi kando yake. Habari ya nyumba hakuisema sana. Alisema wamekuja wamepima, wameandika, na fedha ataiona ikija. Lakini alimwuliza mjomba kama ni kweli kwamba kaburi litafukuliwa. Mjomba akamwambia kweli, bila kumficha: makaburi huhamishwa, hulipiwa, na wenye marehemu huitwa wawepo. Mama akanyamaza. Kisha akanigeukia, akasema, "Mwalimu, siku hiyo uje. Alizikwa kwa sala, asihamishwe kama gogo." Nalimwahidi. Nikaliandika jina la kijiji na la marehemu katika ukurasa wa mwisho wa daftari, mahali niwekapo mambo yasiyo ya vibao.

Baada ya kuuvuka Mwiti nchi huanza kuinuka, na mbele yako waona ukuta wa uwanda wa Makonde, mrefu, sawasawa juu yake kama meza. Wasomaji wasiofika huko wasidhani ni mlima wenye kilele. Ukimaliza kupanda huoni mteremko wa upande wa pili, waona tambarare tu, mchanga mwekundu, mikorosho na vichaka. Mpando wenyewe ndio kazi. Njia yazunguka, na upande mmoja ni ukingo wa udongo, na upande mwingine ni hewa.

Katika kona moja mjomba alinigonga bega, nikasimama. Akashuka, akaenda ukingoni, akainama. Akaniita. Katika nyasi palikuwa na visiki vitatu vya chuma, kila kimoja kimepita ardhi kwa urefu wa kidole. Akavipapasa juu kwa kidole gumba, akasema, "Hizi hazikuanguka. Zimekatwa kwa msumeno." Akanieleza kwamba penye kona kali ya namna hii husimamishwa vibao vya pembe nne vyenye mishale mipana, nyekundu juu ya nyeupe, vinavyong'aa taa ya motakaa ikivipiga, ili dereva aione kona usiku kabla hajaifikia. Na sasa havipo. Watu huvikata wakaviuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo.

Mtu mmoja aliyekuwa akishuka na baiskeli yake, amebeba magunia matupu, akasimama kutusalimu. Alipoona tunatazama nini akatikisa kichwa. Akasema katika masika yaliyopita, usiku wa ukungu, kijana mwenye pikipiki alikwenda moja kwa moja mahali hapa. Kijana alivunjika mguu, akapona. Abiria wake alikuwa mama mwenye watoto wanne, akirudi kumwuguza mamaye. Huyo hakupona. "Kijana si mlevi," akasema, "wala hakwenda mbio. Hakuiona njia ilipogeukia." Kisha akaenda zake.

Tukapanda kidogo. Kona ya pili kibao kimoja kilikuwa kingali kimesimama, na mjomba akaniita nyuma yake anionyeshe jinsi kinavyofungwa. Mgongo wake ulikuwa wa rangi ya kijivu, nao ulikuwa na mikanda miwili ya bati nene iliyolala, yenye matundu ya kupitisha bolti. Nikaitazama ile mikanda miwili. Kalamu ikanianguka mkononi.

Sasa lazima niwaambie jambo ambalo ningependa kulinyamazia. Katika kanisa letu dogo twalikuwa na kibao cha nyimbo cha ubao, mchwa wakakila. Mwaka 2023 mfanya biashara mmoja wa vyuma alipita kwa baiskeli na mizani yake, naye alikuwa na bati moja zuri, gumu, la pembe nne, upande mmoja limepigwa rangi nyeusi. Akaniambia ni kibao cha duka lililofungwa. Nalimlipa shilingi 8,000 katika sadaka za kanisa. Kijana wetu mmoja akatoboa matundu, akatia misumari ya kutundikia nambari, akaipigisha rangi nyeusi mara ya pili. Kilipendeza. Kilikaa ukutani karibu na mimbari kwa mikanda yake miwili ya nyuma, yenye matundu ya bolti, ambayo sikuuliza ni ya nini.

Mjomba aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni jua. Tukaendelea, na maneno ya yule msichana wa asubuhi yakawa yananifuata katika kila kona: ni wimbo wa hamsini.

Newala tulifika adhuhuri. Kwa siku nyingine ningaliwaandikia kurasa nyingi juu ya mji huu. Mwaka 1882 Magwangwara walipoipiga Masasi na kuwachukua watu, Padre Chauncy Maples aliwahamishia wamisionari na mabaki ya Wakristo huku juu, karibu na mfalme wa Wayao, Matola, maana uwanda ulikuwa kimbilio. Wamakonde walilijua hilo zamani. Walikubali kukaa mahali pasipo maji, katikati ya vichaka, kuliko kukaa bondeni penye maji na adui. Mvua ikinyesha juu ya uwanda huzama mchangani mara moja, ikatokea chini ya magenge katika chemchemi. Kwa vizazi vingi wanawake walishuka genge na mitungi, wakapanda nayo. Mtaalamu Mdachi Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliyaona hayo na kuyaandika. Katika miaka ya 1950 ndipo ilipoanza kazi ya kuyavuta maji juu kwa mashine. Lipo pia boma la Wadachi. Wareno waliuteka mji mwezi wa Oktoba 1916, wakakaa kama mwezi mmoja, Wadachi wakaurudisha.

Penye njia panda tulikiona kibao kielekezacho Kitangari. Nikamweleza mjomba kwamba hiyo ndiyo Chitangali ya vitabu vya misheni, alikofanya kazi Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani angali mtoto, akawa shemasi mwaka 1886, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika misheni yetu ya Universities. Mjomba alitazama herufi zile, K mahali pa Ch, akasema, "Ajuaye habari hii atafika. Asiyeijua atauliza." Nikaandika majina yote mawili.

Kisha tukaenda mahali paitwapo Shimo la Mungu. Ni ukingo wa uwanda. Nchi inakatika ghafula chini ya miguu yako, na bonde la Ruvuma limelala mbele, misitu juu ya misitu, hata Msumbiji ng'ambo, rangi ya moshi. Hapana kibao huko chini, wala nyumba iliyoonekana kwa macho yangu. Tukakaa juu ya mwamba, tukala mihogo. Hapo nikamweleza mjomba habari yote ya bati langu.

Hakujibu upesi. Alimaliza karanga zake. Kisha akauliza, "Ulinunua kwa fedha yako au ya kanisa?" Nikasema ya kanisa. Akauliza, "Uliitazama mikanda ya nyuma?" Nikasema naliitazama, lakini sikuifikiri. Nikamwambia pia, kama kujitetea, kwamba labda bati langu halikutoka kona ile aliyofia mama. Njia ni nyingi, na wezi hupita zote. Mjomba akasema, "Labda. Lakini kila kibao kina kona yake." Mara nyingi nimewafundisha watoto ile laana ya Kumbukumbu la Torati juu ya mtu aondoaye alama ya mpaka wa jirani yake, nami nimewaeleza vizuri mawe yalivyowekwa mipakani mwa mashamba ya Waisraeli. Siku ile nalijiona nimeyaeleza mawe ya watu wa mbali sana.

Tulirudi Masasi usiku umekwisha kuingia, nikaenda polepole katika mteremko. Penye visiki vile mjomba alinishika kiuno kwa nguvu. Sikuiona kona mpaka taa ilipopiga nyasi.

Siku ya Jumamosi nilikishusha kibao cha nyimbo, nikakisugua kwa mafuta ya taa na kitambaa. Rangi yetu ilitoka kwanza, kisha ya yule mfanya biashara. Chini yake ulitokea mshale mwekundu juu ya nyeupe, umekwaruzwa lakini mzima, na nalipousogezea taa ya mkononi ukang'aa.

Jumapili baada ya ibada naliwaonyesha wazee wa kanisa. Hawakuwa na neno moja. Mmoja aliogopa polisi. Akasema tukikirudisha tutaulizwa tumekipata wapi, nasi tutaitwa wezi. Mwingine alisema tumelipa, tena kibao chatumika kwa kazi ya Mungu, na serikali ina vibao vingi. Mama mmoja wa umoja wa kina mama, ambaye kwa kawaida husema machache, akauliza ni nani kati yetu atakayetundika tena nambari juu ya kitu kile hali tumekwisha kukijua. Hakuna aliyejibu. Tukakubaliana kukirudisha, na shilingi 8,000 nikazirudisha mimi katika kikapu, kwa kuwa mnunuzi nalikuwa mimi.

Afisa wa barabara aliyenipokea alikuwa kijana mpole. Alikigeuza kibao, akaona matundu ya misumari yetu, akasema hakitafaa kusimamishwa tena. Lakini alikiandika katika kitabu. Akauliza habari za mfanya biashara, nikamweleza niliyoyajua, nayo hayakuwa mengi, maana hajapita tena kwetu. Kisha nikafungua daftari langu nikamwonyesha kona zote tulizokuta visiki, kwa umbali wake kutoka kigingi kilicho karibu, kilomita na mita. Zilikuwa sita. Akashangaa kidogo, akauliza ni nani aliyenituma kuhesabu. Nikasema hakuna. Akazipiga picha kurasa zile kwa simu yake.

Akaniambia vibao vipya vitakuja pamoja na lami. Nami namsadiki. Ila lami ilikuwa bado chini bondeni, na masika huanza kabla ya mwaka kwisha. Basi mwezi wa Oktoba mjomba aliniita, akasema tupande tena. Yeye alileta chokaa katika ndoo, mimi nikaleta sululu na miti mitatu iliyonyoka. Tukaichimbia nyuma ya vile visiki vitatu, tukaipaka chokaa yote, na juu ya kila mti tukafunga kitambaa chekundu ambacho mke wangu alikitoa katika kanga kuukuu. Madereva wawili walisimama kuuliza kama ni kazi ya serikali. Mjomba akawajibu ni kazi ya wapita njia.

Mwezi wa Desemba nalipita tena peke yangu, nikienda kumwona yule mjane, ambaye siku ya kaburi ilikuwa bado haijatajwa. Miti miwili ilikuwa imesimama vizuri. Wa tatu mvua ilikuwa imeulegeza shina, umelala upande. Sikuwa na sululu. Nikauinua kwa mikono, nikaukazia mawe, nikaendelea na safari.